Hesabu ya Miguu ya Rono

Jumatatu ile ya tarehe 12 Februari 2024, pale Mwaloni Kirumba hata bei ya dagaa ilikosa mtu wa kuijadili. Kelvin Kiptum alikuwa amekufa usiku wa kuamkia siku hiyo, ajali ya gari karibu na Kaptagat huko Kenya, yeye pamoja na kocha wake Mnyarwanda, Gervais Hakizimana. Miaka 24. Ilikuwa imepita miezi minne tu tangu avunje rekodi ya dunia ya marathoni kule Chicago kwa saa 2 na sekunde 35. Wapakuzi ambao siku zote hubishana Simba na Yanga, siku hiyo walibishana riadha, na wengine wao hata hawakujua marathoni ni kilomita ngapi.

Ndugu msomaji, mimi pale ni karani wa magunia. Kidato cha nne nilimaliza, matokeo yakanielekeza Mwaloni. Kila gunia linaloshuka napiga mstari, minne ikitimia wa tano naikata katikati, jioni mama mwenye mzigo anapata jumla yake. Nyuma ya kauntabuku hilohilo, kuanzia ukurasa wa mwisho kuja mbele, naandika riwaya. Siku hesabu na riwaya zitakapogongana katikati sijui itakuwaje.

Basi Alhamisi ya wiki hiyohiyo ikaja habari ya msiba mwingine. Henry Rono, mkimbiaji wa zamani wa Kenya, amefariki Nairobi akiwa na miaka 72. Kijiweni hakuna aliyeinua kichwa, isipokuwa mzee mmoja fundi wa nyavu, ambaye kwa kawaida huongea mara mbili kwa siku, shikamoo ya asubuhi na kwaheri ya jioni.

"Nyie watoto mnamlilia wa rekodi moja," akasema. "Huyu alizichukua nne kabla mimi sijamaliza deni la injini."

"Nne, mzee?"

"Nne, kijana. Msimu mmoja. Halafu wakammaliza."

Nikamuuliza ni akina nani hao waliommaliza. Akainua mabega, akarudi kwenye tundu la wavu wake. Neno lile likanikaa. Mtu anayetaka kuandika riwaya akisikia "wakammaliza" lazima atafute "wa" hao ni nani, la sivyo aache kazi ya kalamu akauze mitumba. Nikaanza kutafuta, maktaba na kwenye simu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Rono alizaliwa mwaka 1952 katika nchi ya Wanandi, kwenye vilima ambavyo maji yake hushuka kwa mito kama Yala na Nyando mpaka kwenye ziwa letu hilihili. Kipchoge Keino naye ni wa hukohuko, kwa hiyo kijana hakukosa mtu wa kumwangalia. Mwaka 1976 alichaguliwa kwenda Olimpiki ya Montreal. Hakukimbia. Nchi za Afrika zilisusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand haikufukuzwa. Mwaka huohuo Rono akajiunga na Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, mji wa Pullman, kaskazini magharibi mwa Marekani.

Hapa inabidi nisimame kidogo, maana bila kuielewa kalenda ya vyuo vya Marekani huwezi kuielewa habari hii. Majani yakianza kuanguka ni mbio za nyika. Theluji ikishuka ni mbio za ndani ya ukumbi. Theluji ikiyeyuka ni mbio za uwanjani. Kila mashindano chuo kinatafuta pointi, na mwanariadha aliyepewa ada, chakula na kitanda anatarajiwa kuzileta. Vyuo vikifungwa, mwenzangu na mimi tungesema sasa ni likizo. Mkimbiaji mwenye jina ndiyo kwanza anapanda ndege kwenda Ulaya, ambako waandaaji wa mbio za kiangazi wanamsubiri, na nchi yake nayo inamtaka kwa michezo ya Afrika na ya Jumuiya ya Madola. Mwaka ukaisha, majani yakaanza kuanguka tena.

Mwaka 1978 Rono aliingia kwenye kalenda hiyo kama moto wa nyika. Tarehe 8 Aprili, Berkeley, California, mita 5,000 kwa dakika 13 sekunde 8.4, rekodi ya dunia. Tarehe 13 Mei, Seattle, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, dakika 8 sekunde 5.4, rekodi ya dunia. Tarehe 11 Juni, Vienna, mita 10,000, dakika 27 sekunde 22.5, rekodi ya dunia. Tarehe 27 Juni, Oslo, mita 3,000 za kawaida, dakika 7 sekunde 32.1, rekodi ya dunia. Ukihesabu siku ya kwanza na ya mwisho unapata siku 81. Mimi nimehesabu mara tatu, kazi yangu ni kuhesabu.

Hizo si mbio za aina moja. Aliyezoea elfu tatu na aliyezoea elfu kumi ni kama mvuvi wa dagaa na mvuvi wa sangara, wote wako majini lakini nyavu ni tofauti. Rono alivua vyote. Na hakupumzika. Julai akaenda Algiers kwenye Michezo ya Afrika, akarudi na dhahabu mbili, ya mita 10,000 na ya viunzi. Agosti akaenda Edmonton, Kanada, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, dhahabu mbili tena, mita 5,000 na viunzi. Zama zile mwanariadha wa ridhaa hakuruhusiwa kulipwa waziwazi. Alikuwa anawajazia watu viwanja huku sheria ikimwita mtu anayejifurahisha.

Rekodi zake mbili, ya viunzi na ya mita 3,000, zilikaa mpaka 1989. Mwenyewe hakukaa hivyo. Olimpiki ya 1980 Kenya nayo ilisusia, safari hii Moscow, kwa hiyo mtu aliyekuwa na rekodi nne za dunia hakukanyaga Olimpiki hata siku moja. Mwaka 1981 alifika Ulaya akiwa mnene, watu wakamcheka, akajipunguza kwa kukimbia mashindano yenyewe, moja baada ya jingine, mpaka tarehe 13 Septemba kule Knarvik, Norwei, akaivunja rekodi yake mwenyewe ya mita 5,000 kwa dakika 13 sekunde 6.20. Ilikuwa ya mwisho. Pombe ilikuwa imeshamshika. Miaka iliyofuata alilala kwenye makazi ya wasio na nyumba, akafanya kazi kwenye maegesho ya magari, akabeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege wa Albuquerque. Baadaye aliacha pombe, akafundisha watoto kukimbia, akaandika kitabu cha maisha yake, na mwaka 2019 akarudi Kenya.

Sisemi kwamba mbio ndizo zilizomnywesha. Wako waliokunywa bila kukimbia hata hatua kumi, tunao wengi tu hapa Mwaloni. Ila nilipoipanga ile kalenda yake ya 1978 kwenye daftari langu la magunia, kila upande kwa mstari wake, niliona jambo. Chuo kilikuwa na haki ya kudai mbio zake, kilimsomesha. Kenya ilikuwa na haki, ni mwanawe. Waandaaji wa Oslo na Vienna walikuwa na haki, walimlipia tiketi. Kila mmoja alichukua kipande ambacho kwake kilikuwa kidogo tu. Jumla hakuwa nayo mtu. Magunia ya dagaa yana karani, miguu ya Rono haikuwa naye.

Na kabla yake palikuwa na Samson Kimombwa, Mkenya mwenzake wa chuo hichohicho, aliyevunja rekodi ya mita 10,000 pale Helsinki tarehe 30 Juni 1977. Mwaka haukuisha Rono akamnyang'anya. Leo ni nani anamtaja Kimombwa?

Nikafurahi, nikaona nadharia yangu imekaa sawa, nikaanza hata kuwahubiria wapakuzi. Halafu nikakutana na Suleiman Nyambui na nadharia ikapata pancha.

Nyambui ni wa huku kwetu, amezaliwa Majita, mkoa wa Mara, ukingoni mwa ziwa, mwaka 1953. Alikuwa mwalimu. Naye alichukuliwa na kalenda ileile, akaenda Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, akabeba ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000 mara nne mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982, ukiacha mbio za ukumbini na za nyika. Katikati ya mzigo huo akaenda Moscow 1980, akapata fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Kwa hesabu yangu alipaswa kuwa ameisha. Kumbe mwaka 1987, akiwa na miaka 34, alishinda marathoni ya Berlin, na 1988 akarudi akashinda tena. Miili haifanani. Au pengine yeye alijua kusema "leo hapana", sijui, nami nisimwekee maneno mdomoni mtu ambaye watu wa Majita wanaweza kuja kunisahihisha.

Filbert Bayi ndiye anayeniumiza zaidi, kwa kuwa yeye tulimtumia wenyewe. Kijana wa Karatu, tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, miaka 20, fainali ya mita 1,500. Wengine hukimbia mbio zile kwa ujanja, wanajificha nyuma mpaka mzunguko wa mwisho. Bayi aliondoka na bunduki. Aliongoza tangu mwanzo mpaka utepe, akamwacha John Walker nyumbani kwake New Zealand, dakika 3 sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Mei 1975 akaongeza na rekodi ya maili kule Kingston, Jamaika, dakika 3 sekunde 51.0. Kabla hajafikisha miaka 22 alikuwa na zote mbili. Baada ya hapo hakuvunja nyingine.

Kukimbia kwa namna ya Bayi ni kujilipia mwenyewe na kuwalipia wanaokufuata, kama kuwa dereva wa boti ya mbele inayokata wimbi. Juu ya hilo malaria ilimrudia mara kwa mara, na sisi watu wa ziwa hatuhitaji kuelezwa malaria inamfanyia nini mtu kifuani na miguuni hata wiki tatu baada ya homa kuondoka. Mwaka 1976, pambano lake na Walker ambalo dunia nzima ililisubiri halikuwepo, maana Tanzania ilikuwa mbele kabisa kususia. Walker akachukua dhahabu. Mimi siwezi kuulaumu ususiaji ule. Ukiniuliza makaburu au medali, nitasema kama Mwalimu alivyosema. Lakini najua pia nani alilipa, na hakuwa mimi.

Mwaka 1978 Edmonton, Bayi alishindwa kwa kifua tu na Mwingereza David Moorcroft. Mwaka 1980 Moscow alihamia viunzi na maji, akaondoka na bunduki kama kawaida yake, akawaacha wote mbali, na kwenye mzunguko wa mwisho mafuta yakamwishia. Bronisław Malinowski wa Polandi akampita. Fedha. Ile ya Bayi na ile ya Nyambui ndizo medali pekee ambazo Tanzania ilikuwa nazo za Olimpiki mpaka michezo ya Paris 2024 ilipofungwa.

Sasa twende mbali kidogo, msomaji, nitakurudisha. Katika kumtafuta karani wa miguu niliangukia kwenye mchezo ambao hapa kwetu ni mgeni, besiboli. Wajapani waliuleta kwenye shule zetu kuanzia 2012. Kwa asiyeujua, mtu mmoja anasimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja, anarusha kijipira kigumu kwa nguvu zake zote, mara kwa mara, mpinzani mwenye rungu anajaribu kukipiga. Mchezo mzima unategemea bega na kiwiko cha mrushaji huyo. Ni kama timu nzima ya mpira iwe na goti moja.

Mwaka 1961 timu ya Chunichi Dragons ya mji wa Nagoya ilimpata mrushaji mpya, Hiroshi Gondo, miaka 22. Timu ilicheza mechi 130, Gondo akarusha katika 69. Alishinda 35. Watu walitunga mzaha juu ya ratiba ya timu, kwamba ni Gondo, Gondo, mvua, Gondo, mvua, mvua, Gondo, yaani kilichompumzisha ni mvua kuahirisha mechi. Mwaka uliofuata alishinda 30. Wa tatu, 10. Wa nne, 6. Bega lilikuwa limekwisha. Wakamhamisha akacheze nafasi nyingine, akajaribu kurudi kurusha, haikuwezekana, mwaka 1968 akaacha. Kilichonifanya nimpende ni kwamba hakunyamaza. Alikuwa kocha, na mwaka 1998 aliiongoza timu ya Yokohama kuwa bingwa wa Japani, akisifika kwa kukataa kuwachosha warushaji wake.

Marekani nao walikuwa na wao. Sandy Koufax, 1966, alishinda mechi 27, akastaafu msimu ulipoisha akiwa na miaka 30, kiwiko kimevimba kwa ugonjwa wa maungio. Kwa wenzetu lakini hesabu ilianza kushikwa. Mwaka 1974, mwaka uleule wa Bayi na Christchurch, daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono mmoja wa mrushaji Tommy John akaipandikiza kwenye kiwiko cha mkono mwingine, na John akarudi akarusha miaka mingi. Kuanzia 2007 ligi ya watoto ya huko iliweka idadi ya kurusha kwa siku. Mtoto wa miaka 11 au 12 akifikisha mirusho 85 anatoka, hata kama ni fainali na mama yake analia jukwaani. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, ng'ambo tu ya ziwa letu, walikwenda Pennsylvania wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali hizo za dunia, na wao wakahesabiwa hivyohivyo. Japani wenyewe, kwa ukaidi wao, walingoja mpaka 2020 ndipo wakaweka kikomo kwa shule za sekondari, mirusho 500 kwa wiki.

Nilipomweleza mzee wa nyavu habari ya mirusho 85 alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo wana karani," akasema.

Ila karani peke yake hatoshi, na hapa narudi kwa Kiptum. Yeye alikuwa naye. Hakizimana alisema hadharani, miezi michache kabla ya ajali, kwamba kijana anakimbia kilomita 250 mpaka 300 kwa wiki, hapumziki, na kwamba kwa mwendo ule ataumia, baada ya miaka mitano atakuwa amekwisha. Alimwomba apunguze, Kiptum akakataa, alitaka rekodi. Barabara ikawachukua wote wawili kabla hatujajua nani alikuwa sahihi. Kwa hiyo kuna mwingine wa kuongezwa kwenye wale "wa" wa mzee, naye ni mwenye miguu.

Haya yote, msomaji, ningeweza kuyaandika bila kukutajia Namba Saba. Nimejaribu. Yameandikika vizuri na yalikuwa ya uongo.

Namba Saba tulisoma naye. Jina ni la jezi yake, winga wa kulia, mtu akipewa mpira pembeni uwanja mzima unasimama. Kidato cha tatu alikuwa anachezea shule, anachezea timu ya mtaa, na mwisho wa wiki anakwenda mechi za ndondo kama mamluki, leo Igoma, kesho Buhongwa, keshokutwa Nyegezi, timu ya yeyote mwenye hela. Mmoja wa wenye hela alikuwa bosi wa sangara. Mimi mpira sijui, nilikuwa najua kuongea, nikawa meneja. Nilibeba njumu zake, nikapanga bei. Kwa mechi elfu kumi, mbili zangu.

Shule ilikuwa na haki yake, alikuwa mwanafunzi. Mtaa ulikuwa na haki, ndiyo uliomnunulia njumu za kwanza. Bosi alilipa. Na yeye mwenyewe alipenda, tusidanganyane, alipenda kuliko sisi wote. Goti lilipoanza kujaa tulilikanda maji ya moto na chumvi. Likaendelea, tukamwita mchua misuli. Likaendelea, tukaanza vidonge vya maumivu. Mama yake aliniita siku moja uani, akiwa anachambua mchele, akaniambia, "Mwanangu, mwenzio hatembei vizuri." Nikajibu, "Ni uchovu tu, mama."

Jumapili moja ya mwezi wa saba alikuja kwetu asubuhi akasema, "Oya, leo goti linakataa." Mimi nilikuwa nimeshapokea hela ya mechi hiyo kwa bosi tangu Ijumaa, na yangu nilikuwa nimeshaitumia. Nikaenda duka la dawa nikanunua diklofenaki mbili, nikamletea na chai. Nikamwambia, "Kipindi cha kwanza tu." Kipindi cha pili alikuwa bado uwanjani. Dakika za mwisho aligeuka na mpira, hakuguswa na mtu, akaanguka. Mlio wake niliusikia kutoka nje ya chaki. Daktari alisema kano za goti zimekatika na akataja gharama ya upasuaji, na pale kitandani tukaanza kuhesabu nani atachangia. Shule ilituma kadi. Bosi alituma sangara mmoja mkubwa.

Hilo la hela kuwa tayari imeliwa sijawahi kumwambia. Atalisoma humu.

Namba Saba sasa anashona nyavu hapohapo Mwaloni, ndiye mwanafunzi wa yule mzee, amekaa na mguu wa kulia umenyooka mbele kwa sababu haukunji vizuri. Juzi nilimpelekea habari ya Rono na siku 81. Akasikiliza yote. Kisha akasema, "Hebu tuhesabu na zangu." Nikafungua ukurasa mpya wa kauntabuku, katikati, pale ambapo magunia na riwaya bado hayajakutana. Tukaanza Januari ya mwaka ule. Za shule zikawa 19. Za mtaa, 23. Za ndondo alizikumbuka kwa uwanja na kwa mabao, 30, miezi saba haijaisha.

"Na ile ya mvua?" nikauliza.

"Ile usiihesabu. Ilivunjika dakika ya ishirini."

"Mimi nililipwa," nikamwambia.

Akaacha sindano. Akanitazama muda mrefu kidogo.

"Ulilipwa?"

"Nililipwa."

"Basi piga mstari."

Nikapiga. Ikawa 31, jumla 73.

"Imebaki ya mwisho," akasema, akashika tena wavu wake akingoja niandike.